Waliokumbuka kwa Niaba Yangu

Mwaka niliougua nilikuwa na miaka hamsini na mbili, mwalimu wa jiografia katika skuli moja ya sekondari, mke wa mtu mmoja mpole, na mkaazi wa Mpendae, hapa Unguja, kwa zaidi ya miaka ishirini. Nayataja haya mwanzo kwa sababu ndiyo mambo ambayo sikuyasahau, na hakuna mtu aliyeweza kunibadilishia. Mengi mengine ya mwaka ule nimeyapata kwa watu, na nimejifunza kuwa watu hawampi mtu kumbukumbu bure.

Ninachokumbuka ni kuwa ilianza baada ya kufa mama mkwe wangu, ambaye aliishi kwetu miaka yake mitatu ya mwisho. Asubuhi moja niliamka nikaiona kanga yangu juu ya kiti, nikashindwa kuinyanyua. Haikuwa nzito. Sikuona sababu tu ya kuinyanyua. Kisha sikuona sababu ya kuoga, wala ya kula, wala ya kuitika nikiitwa. Baada ya hapo sina kitu.

Mume wangu anasema nilikaa siku nyingi nimeuelekea ukuta. Anasema siku moja nilimwambia, kwa sauti ile ile ya kumwambia mtu kuwa unga umekwisha, kwamba mimi nshakufa, na naomba wanizike mapema nisiwazibie njia walio hai.

Mpendae nzima ikashughulika na ugonjwa wangu. Jirani yetu wa mkono wa kushoto, mama mmoja mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, alisema ni jicho la watu, kwa sababu tulitia vigae vipya barazani na hatukumwagia maji ya zamzamu. Mwalimu mkuu wangu alisema walimu wote hupatwa na hali hiyo wakikaribia kustaafu, ila wengine huificha. Nililetewa kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini, nikanywa, nikasomewa. Nasema kweli, kisomo ndicho kitu pekee ninachokikumbuka kwa mbali: sauti zikipanda na kushuka, na mtu amenishika mkono. Daktari wa akili alinipa vidonge, akavibadilisha, akaviongeza. Sikupata nafuu. Nilipoacha hata kunywa maji, daktari alimwita mume wangu na jamaa, akawaambia sasa imebaki tiba ya umeme.

Kikao cha jamaa kilifanyika ukumbini kwetu. Nimesimuliwa na watu wanne waliokuwepo, na katika kila simulizi, aliyesema maneno ya busara siku ile ni yule anayesimulia. Daktari alikuja mwenyewe, akaeleza kwa utulivu. Zamani, alisema, tiba hii ilifanywa mgonjwa yuko macho, na hofu ya watu inatokea huko. Siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi, misuli yake hulegezwa, kisha umeme mdogo hupitishwa kichwani kwa sekunde chache, ubongo ukapata kifafa kidogo cha makusudi, basi. Na tafiti za miaka hii zinaendelea kuonyesha kuwa mtu aliyefika nilipofika mimi, aliyeacha chakula na maji, ni nadra kupata tiba nyengine itakayomsaidia haraka kama hii.

Ami yangu mmoja ni fundi wa mafriji. Akauliza, "Volti ngapi?"

Daktari akasema hesabu yake si kama ya majumbani.

"Kuna stabilaiza?"

"Ipo mashine yenyewe, mzee, inapima."

"Na inafanyaje kazi? Huko ndani?"

Daktari, masikini, alikuwa mtu mkweli. Akasema wataalamu wanajua kuwa inafanya kazi, lakini hawajakubaliana bado ni kwa nini. Ami akaegemea kiti, akaridhika kuliko watu wote. "Hapo nshafahamu," akasema. "Na mie kuna friji nikilipiga kofi ubavuni linawaka. Sijui kwa nini, na mwenyewe haniulizi."

Jirani, ambaye si jamaa lakini alikuwa amekaa katikati ya ukumbi, akauliza je umeme ukikatika. Daktari akamwambia ni sekunde chache tu. Jirani akasema wa kwetu hukatika hata katika sekunde hizo.

Likabaki jambo moja, na daktari hakulificha. Kumbukumbu. Huenda wiki au miezi ya karibu na tiba ikafutika, nyengine ikarudi na nyengine isirudi. Pakazuka mabishano. Wapo waliosema bora wazimu wenye akili timamu, maneno ambayo mpaka leo hakuna aliyekubali kuwa ni yake. Mume wangu aliacha kila mtu amalize, na ndivyo alivyo. Mwisho akasema, "Yeye anataka nimzike. Mie sitaki kumzika." Akaenda kutafuta pasi za kusafiria.

Tiba nilifanyiwa Bara Hindi, maana hapa kwetu mashine hiyo haikuwepo. Nina picha chache tu. Dari lenye taa ndefu. Muuguzi ananipapasa mkono akitafuta mshipa. Ananionyesha kwa vidole nihesabu, nami nahesabu kwa Kiswahili, moja, mbili, tatu, na nne siifikii. Kisha naamka taya linauma, kichwa kizito, na mume wangu ananiambia leo ni siku gani. Ikawa hivyo mara kadhaa, kila baada ya siku mbili tatu.

Baada ya mara ya tano au ya sita waliniletea chai. Nikanywa funda moja, nikaiweka chini.

"Chai gani hii?" nikasema. "Maziwa matupu, na sukari ya kumchimbia mtu jino."

Mume wangu alitoka nje. Nilidhani amekasirika. Kumbe alisimama koridoni na simu yake, anawapigia watu Unguja mmoja mmoja, analia, anasema, "Analalamika! Alhamdulillahi, analalamika!"

Nilirudi nyumbani nimekonda, lakini mimi ni mimi. Nilijua majina ya wanafunzi wangu wa miaka kumi nyuma, nilijua miji mikuu yote ya Afrika, nilijua kupika. Nilichokosa ni miezi kama minne. Nilijua mama mkwe amekufa, lakini msiba wake siujui. Sikujua nani alimkosha akamvika sanda, nani alikuja, nani hakuja. Nilikuwa nikipita mlango wa chumba chake nageuza kichwa kumsalimia.

Habari zikatembea kuwa mwalimu kapona lakini kasahau. Wageni wakaanza kuja, na kila mgeni alikuja na pole mkono mmoja na ahadi yangu mkono wa pili.

Jirani alifika wa kwanza. Alinikumbatia, akalia kwa kweli, kisha akatazama kabati langu la vyombo, lile la vioo. "Hukumbuki tena, shoga yangu," akasema kwa huruma. "Siku ile uliyozidiwa uliniita, ukanambia, jirani, nipone nisipone, kabati hili lako."

Sikukumbuka. Lakini nikafikiri: nikisema si kweli, nimemwita mwongo mama wa watu aliyenililia machozi. Nikisema sikumbuki, atasema ndiyo maana. Kabati likatoka siku ile ile, na wapo vijana wanne waliokuwa wakisubiri nje kulibeba, kwa hivyo kumbe hata wao walikumbuka.

Mwalimu mkuu alikuja na mananasi mawili. Akaniarifu kuwa kabla ya kuugua nilikubali, tena kwa moyo mkunjufu, kufundisha kidato cha nne kila Jumamosi na kusimamia bustani ya skuli. Nilishangaa moyo wangu ulivyokuwa mkunjufu mwezi ambao sikuwa na nguvu ya kunyanyua kanga. Nikasema inshallah.

Wa tatu ni binamu yangu mwenye duka la vinyago Mji Mkongwe. Yeye hakuja. Siku ya nne tangu nirudi niliufungua mlango wa chumba cha uani kutafuta mbuzi ya kukunia nazi, nikaona twiga. Twiga wa miti, wamesimama, wengine wanafika darini, wote wananitazama. Nikaufunga mlango. Nikakaa chini pale pale sakafuni, nikasema moyoni: imerudi.

Nilikaa hapo mpaka mume wangu aliporudi kutoka msikitini. Nikamwambia taratibu, maana sikutaka kumshtua, "Naona twiga."

"Wangapi?" akauliza.

Nikajua hapo kuwa sijarukwa na akili. Mtu aliyenioa miaka ishirini na saba asingeuliza idadi kama twiga hawapo. Akanieleza kuwa binamu alileta mizigo wakati tuko safarini, akisema nilimruhusu mimi mwenyewe. "Nikasema labda ulimruhusu," akamaliza, na akatazama miguu yake.

Siku ile ndiyo niliyopata hasira, na hasira ilinifaa kuliko vidonge. Nilifikiri hivi: ikiwa mimi nimesahau miezi minne, na kila mtu anakumbuka anachotaka, basi kinanizuia nini na mimi kukumbuka?

Jirani alipokuja Alhamisi kuniuliza ufunguo wa kabati uko wapi, nikampa, kisha nikamkalisha. "Alhamdulillahi, jirani, kumbukumbu zinarudi," nikamwambia. "Jana nimeikumbuka ile siku. Nlikwambia kabati lako, nawe ukanishika mkono ukasema, basi na mie nitakuletea mkate wa kumimina kila Ijumaa mpaka unenepe."

Uso wake ulipita mahali pengi. Angeweza kusema sikusema hivyo, lakini angekuwa anasema kuwa siku ile naikumbuka vibaya, na ikiwa naikumbuka vibaya, kabati nalo limesimama wapi? Ijumaa mkate ulikuja, wa moto, wenye iliki. Binamu nilimpigia simu nikamwambia nakumbuka waziwazi alivyoapa kuwa twiga watatoka kabla ya mfunguo mosi, mwezi wa Idi. Walitoka. Mwalimu mkuu nilimkumbusha siku aliyonihurumia akaniondolea vipindi vya mchana. Alifikiri kidogo, akasema, "Enhe, hebu, kama kweli vile," na nadhani mpaka leo anaamini alisema. Nakiri nilionja utamu wa kusema uongo usiopingika. Nikawafahamu wenzangu.

Katikati ya mambo hayo akaja wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anayekaa Uroa na kulima mwani. Alikuja na pweza mkavu na kapu la matunda ya shokishoki. Nikamwamkia, "Shikamoo, wifi," akaitikia marahaba, akakaa, akanisuka nywele bila kuniuliza umekumbuka nini. Mume wangu alipoingia akatukuta, mimi kichwa changu kiko mapajani mwa dada yake, akasimama mlangoni na mfuko wa ndimu, akageuka, akarudi sokoni kununua ndimu.

Watu nao wakaanza. "Heh, mnazungumza?" aliniuliza mmoja. "Mashallah, ugonjwa una kheri zake," akasema mwengine. Nikafahamu kuwa tuligombana. Kwa nini, hakuna aliyenambia. Watu wale wale walioniletea ahadi zangu neno kwa neno, hapa walikuwa wamesahau kila kitu. Mume wangu nilimuuliza, akasema msibani yeye alikuwa barazani na wanaume, mambo ya ndani hakuyasikia.

Wifi alipokuja tena kunisuka, nikamuuliza mwenyewe. "Wifi, tuligombana nini?"

Mikono yake ikasita kwenye nywele zangu. "Siku ya khitma ya mama," akasema. "Nlikwambia neno baya mbele ya watu. Nlisema hukumtunza. Uchungu ulinizidi, na ulimi nao. Kosa langu, wifi. Nisamehe."

Nikamsamehe. Tena nilimsamehe kwa fahari. Nilimshika mikono, nikamwambia hana la kuombea samahani, sote wanadamu, mimi mwenyewe ugonjwa umenifunza. Alipoondoka nilimsimulia jirani, yule wa kabati, jinsi nilivyosamehe. Jirani alinitazama kwa macho ambayo sikuyafahamu, akasema ana jungu motoni.

Baada ya hapo alikuja mtafiti. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na kompyuta ya mkononi. Anawafuatilia watu waliopata tiba kama yangu, kujua wamefaidika nini na wamepoteza nini. Daktari wangu aliniuliza kwanza, nikakubali. Alinisomea maneno kumi nimrudishie, nikamrudishia tisa. Alinitaka nitaje mwaka, mwezi, rais. Kisha akasoma swali: "Taja mambo uliyoyasahau."

"Nitayatajaje?" nikamuuliza.

Akalitazama swali lake. Akatazama nafasi ya kuandikia jibu. Pale chini palikuwa pamewekwa tayari neno "Hakuna", la kubofya tu. Akacheka mwenyewe, akaiweka ile kompyuta kando. Akanambia hilo ndilo linalowasumbua. Vipimo vinapima kama mtu anakumbuka orodha ya maneno aliyosomewa sasa hivi. Kama anakumbuka msiba wa mama mkwe wake, havina pa kupima. Inabidi wamwulize yeye asiyejua, au jamaa zake.

"Jamaa zangu msiwaulize," nikamwambia. Akaandika hilo.

Miezi kama miwili baadaye nilikuwa nakata vitunguu kwa ajili ya pilau. Vitunguu vingi, maana tulikuwa na wageni. Na ikaja. Haikuja kidogo kidogo kama daktari alivyosema, ilikuja nzima na sauti zake. Ua wa nyumba yetu, siku ya khitma, wanawake kwenye mikeka, vitunguu, masufuria ya kuazima. Wifi anaingia na kapu kichwani, macho mekundu. Na mimi, mimi na si yeye, nasimama na kisu mkononi nasema, watu wote wananisikia, "Mama yako kaumwa miaka mitatu hapa. Leo umekuja kuhesabu vyombo vyake?"

Kila mtu pale alijua, na mimi nikijua, kuwa wifi alikuwa akija kila wiki kutoka Uroa. Alikuwa akimkosha mama yake, akimfulia, akiniambia mimi nikalale kidogo. Nilichoka tu. Nilitaka mtu wa kumwangushia uchovu wangu, naye ndiye aliyeingia mlangoni.

Niliacha kisu. Mume wangu alinikuta nimekaa juu ya kinu, na safari hii niliyajua nitakayomuuliza. "Ulisikia," nikamwambia. "Barazani mlisikia nyote."

Akakichukua kile kisu, akakiweka mbali. Kisha akasema, "Yeye ndiye aliyeniomba nisikwambie. Alisema, kama Mungu kaliondoa, sisi tunalirudishia nini?"

Ukweli ni kuwa nililia zaidi kwa ajili ya msamaha wangu kuliko kwa ajili ya matusi yangu. Matusi hutoka mtu akiwa amechoka. Lakini kule kumshika mikono, kule kumwambia sote wanadamu! Nilijisikia nataka kuingia ndani ya sufuria nijifunike.

Siku ya pili yake mume wangu alinipakia kwenye vespa yake mpaka Uroa. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, na wifi alikuwa ufukweni kivulini, nyuma ya hoteli moja ambayo wageni wake walikuwa wakiwapiga picha wanawake wa mwani bila kuwauliza. Mbele yake palikuwa na rundo la kamba na mbegu za mwani. Nilikuwa nimejitayarishia maneno tangu Mpendae. Nilifika nayo mpaka nusu.

"Wifi, nimekumbuka. Ile siku ya khitma. Aliyesema ni mimi."

"Siku gani?"

"Ya khitma ya mama. Wewe hukusema kitu. Uliweka kapu chini ukaondoka."

Alivuta kamba, akaifunga mbegu, akaivuta tena. "Mie sikumbuki," akasema.

"Wifi, unakumbuka!"

"Sikumbuki. Weye ulitaka ndege na madaktari na umeme. Mie bila ya umeme nshasahau." Kisha akanyanyua uso, na macho yake hayakuwa yanacheka hata kidogo. "Nlikaa na neno lako miezi, likanila. Nlipoambiwa weye hutaki kula, nikasema ni dua yangu mbaya. Nlikuombea usiku na mchana Mungu asinikubalie. Basi hilo limekwisha. Usinirudishe huko."

Yale maneno niliyoyatoa Mpendae nikayaacha hapo hapo. Nikakaa chini kwenye mchanga. Mume wangu, ambaye alisimama hatua kumi nyuma akijifanya anatazama hoteli, akauliza kama kuna chai.

Nikachukua kamba. Wifi akanionyesha namna ya kufunga, mara moja tu, kwa haraka, kama wanavyofundisha watu wasio walimu. Mafundo yangu ya mwanzo yalifumuka. Mgeni mmoja akaja na kamera, akatuelekezea. Wifi akamwambia kwa Kiswahili maneno ambayo siyaandiki, huku anatabasamu, na mgeni akashukuru kwa kupunga mkono. Tulifunga mwani mpaka maji yalipoanza kurudi.

Nimepona, au kama anavyopenda kusema daktari wangu, niko vizuri kwa sasa. Vidonge naendelea navyo, na kila miezi mitatu namwona. Ameniuliza kama ugonjwa ukirudi nitakubali tiba ile tena. Nilimwambia ndiyo, lakini safari hiyo nitaandika kwanza, kwa mkono wangu, kitu gani changu ni cha nani.

Zipo siku ambazo hazijarudi, na sasa nadhani hazirudi tena. Siku ya mwisho ya mama mkwe ni moja. Sikutaka kumuuliza mtu wa nje, wala wifi ambaye hakuwepo. Nikamuuliza mume wangu: nilikuwa wapi, nilifanya nini. Alitazama mlango wa chumba cha mama yake. Akasema mama aliamka vizuri, akataka nimkate kucha, nami nilimkata, za mikono na za miguu.

Sina njia ya kuhakikisha. Nimemwamini.